Mama Hachezi

Basi, kama nilivyokuwa nakwambia pale jikoni kabla Mama Ndeanka hajaingia kutukatiza: si kweli kwamba wananiita Mama Hachezi kwa sababu sijui kucheza ngoma. Hilo nilikudanganya ulipokuwa mdogo, mwanangu Aikaeli. Leo umeniuliza tena, ukiwa unamenya ndizi, mwanamke mzima na tumbo lako limekutangulia kama mtungi wa mbege, nikaona haya kukudanganya mara ya pili. Nikafungua mdomo. Ndipo mlango nao ukafunguka: "Hodi wenyewe! Nimesikia Aika anahamia Korogwe na mume wake kesho, nimemletea mayai ya njiani!" Mayai yenyewe matatu, na tumbo la kula kuku mzima. Nyuma yake wakaja wengine, na nyuma ya wote baba mkwe wako na fimbo yake. Maneno yangu yakarudi tumboni.

Sasa nimejificha ghalani, nyuma ya magunia ya kahawa. Jua bado lipo, linaingia kwenye ufa wa ubao, naandikia mwanga huo. Nawasikia huko nje wanakunywa na kucheka, baba yako anasimulia ile habari ya ng'ombe aliyeingia kanisani, na leo ng'ombe ameongezeka pembe. Karatasi nimezichana katikati ya daftari la mdogo wako, usimwambie. Wakiniuliza nilikuwa wapi nitasema natafuta kuku anayetaga ovyo.

Kuandika kwangu unakujua. Nilisoma kiasi cha kubatizwa tu, na nusu ya masomo nilikuwa naangalia nani amevaa nini. Herufi zangu zinashuka ukurasa kama mbuzi wanaokwenda mtoni. Utasoma hivyo hivyo.

Sikuandikii habari za kupika wala za kufua. Korogwe kuna joto, utalijua ukifika. Yohane ni mume mwema ila anakoroma, hilo nalo umelijua bila mimi. Nakuandikia habari ya Jumapili.

Jumapili tulipokuwa tunakula kwa wakwe zako, ulianza kusema, "Mama, huyu mtoto, tangu juzi..." Nami nikakukanyaga mguu chini ya meza. Nilikukanyaga kweli, mpaka ukauma mdomo, maana baba mkwe wako alikuwa pale mbele yako na mfupa mkononi, na sisi tumelelewa kwamba mwanamke hataji tumbo lake mbele ya baba mkwe. Wewe mwenyewe ukaelewa, ukageuza: "Huyu mtoto wa Mama Ndeanka, tangu juzi anakohoa." Mama mkwe wako akasema mpeni asali. Mazungumzo yakaenda kwenye asali.

Mwanangu, tangu Jumapili sijui ulitaka kusema nini. Sijakuuliza. Nimekuuliza kama miguu imevimba. Nimekuuliza kama unalala. Leo nimekuuliza hata kama mtoto atapenda hali ya hewa ya Korogwe, na wewe umecheka, ukasema, "Mama, nitamwuliza." Nikakuangalia ulivyoshika tumbo kwa mkono mmoja, kimya, kama mtu anayesikiliza mlangoni. Mimi nakujua kushika huko.

Wewe unajijua ni kifungua mimba wangu. Si wewe. Kabla yako kulikuwa na mwingine, wa kiume. Nilikuwa nimeolewa karibuni, bado najifunza njia za kihamba hiki, shamba la ukoo wa baba yako, mgomba upi wa nani, mfereji unafunguliwa zamu ya nani. Bibi yako, mama yake baba yako, alikuwa mtu wa haki lakini mkavu kama mti wa mlango. Akisema jambo limekwisha.

Yule mtoto alikuwa na fujo! Akicheza usiku, baba yako alikuwa anaamka: "Wewe mwanamke, umemeza mbuzi?" Nami nilikuwa nacheka mpaka bibi yako anagonga ukuta. Mchana nilikuwa nashuka porini kukata majani ya ng'ombe, sisi wote tulikuwa tunashuka, mja mzito na asiye mja mzito, na kupanda na mzigo kichwani. Nikiutua tu mzigo hapo zizini, yeye ananipiga teke mbavuni kama anayesema, haya, tumefika. Nilizoea hivyo. Nilikuwa namjibu kabisa, "Asante baba, tumefika."

Siku moja nikautua mzigo, nikangoja. Hakuna kitu. Nikajua amelala. Nikala, nikamwaga majivu, nikalala. Usiku baba yako hakuamka.

Asubuhi nikamwendea bibi yako. Sasa sikiliza jinsi nilivyomwambia, mimi ambaye leo wananiita gazeti la Mwika nzima. Nikasema, "Mama, mgeni wangu amelala sana." Mgeni! Hata kumtaja mtoto sikumtaja. Bibi yako alikuwa anakamua ng'ombe, hakugeuka. Akasema, "Mgeni akikaribia kufika hupumzika. Hata wewe ukitaka kupanda mlima, hukai kwanza? Anakusanya nguvu." Nikaona maneno yana akili. Bibi hakuwa mtu mbaya, usimwazie vibaya. Ndivyo naye alivyoambiwa. Nikafurahi, nikaenda shambani. Lakini furaha ile ilikuwa haikai. Nilikuwa naiweka hapa, inatoka pale.

Ilipofika kesho yake nikasema nakwenda kununua chumvi, nikashuka mpaka dispensari. Ile dispensari haipo siku hizi, paliota mikaratusi. Ilikuwa na dirisha dogo, liko juu kidogo, dresa, yule mgawa dawa, anakaa ndani, wewe unasimama nje unaonekana kichwa na mabega. Watu wamejipanga. Na nyuma yangu pale pale alikuwa amesimama mzee mmoja wa kanisa, rafiki yake baba mkwe wangu. Yeye hakunijua, mimi nilimjua. Alikuwa ananipumulia shingoni. Na wanaume wengine nyuma yake, mmoja na jino, mmoja na kidole, wote masikio yamesimama kama ya sungura, maana kwenye foleni hakuna kazi nyingine ila kusikiliza shida za aliye mbele.

Dresa alikuwa kijana, mpole, na macho mekundu ya kukosa usingizi.

"Haya mama, una nini?"

Nikasema, "Mtoto wangu hachezi."

"Tangu lini?"

"Tangu juzi jioni."

"Ana joto?"

Nikafikiri, yuko ndani yangu, atakosaje joto? "Joto analo."

"Anakula?"

"Anakula ninachokula mimi."

"Anatapika?"

"Hapana." Nikaona maswali ya watu waliosoma ni ya ajabu, lakini nani anabishana na dresa?

"Yuko wapi?"

"Nimekuja naye."

Akanyoosha shingo. Pale kwenye kivuli cha ukuta walikuwa wamekaa akina mama wengi na watoto wao, wengine wanalia, wengine wamelala mapajani. Akaangalia pale, akatikisa kichwa kwa huruma. Akasema, "Ni hii homa, mama. Wengi imewashika. Mtoto akishikwa na homa hana hamu ya kucheza." Akamimina dawa kwenye kichupa, akakifunga kwa kitambaa. "Mpe kijiko asubuhi, kijiko jioni. Usiwe na wasiwasi. Atacheza tu, mama."

Mwanangu, mimi nilielewa. Katikati ya maneno yale, alipoangalia wale watoto kwenye kivuli, nilielewa kwamba anadhani nina mtoto wa kutembea. Sikuelewa vizuri kama ninavyoelewa leo, lakini kitu kilinigusa. Lilikuwa limebaki neno moja tu: tumboni. Mtoto wa tumboni. Mzee wa kanisa akakohoa nyuma yangu. Nikashika kichupa, nikasema asante bwana dresa, nikaondoka.

Na unajua nilivyoondoka? Nilipanda ule mlima naimba. Nilikuwa nimeambiwa atacheza tu. Nilitaka mtu aniambie hivyo, na mtu amesema, tena mtu wa serikali mwenye koti jeupe. Swali nililomjibu lilikuwa la mtoto mwingine, lakini jibu nililichukua mimi, nikalibeba kama langu. Nilipofika nyumbani nikawaza: dawa hii mtoto atainywaje? Basi, mdomo wake si mimi? Nikanywa kijiko. Chungu! Nikanywa jioni, nikanywa asubuhi. Baba yako akaniuliza unakunywa nini, nikamwambia dawa ya kiungulia. Nikawa natua mzigo zizini nangoja. Nanywa na kungoja.

Alizaliwa baada ya hapo. Alikuwa na nywele nyingi, na vidole virefu vya baba yako. Hakulia. Bibi yako alimvika kitambaa chake mwenyewe, kile alichokuwa anakitunza, akatoka nje akakaa na ng'ombe mpaka giza. Zaidi ya hapo sitaandika.

Sijui kama angepona. Mkunga niliyemwuliza baadaye aliniambia naye hajui, na nilimpenda kwa kusema hajui. Labda alikuwa amekwisha ondoka tangu ile jioni ya kwanza. Labda hapana. Hiyo labda ndiyo niliyolala nayo miaka yote, mwanangu, baba yako upande huu, labda upande ule.

Sasa ndipo mdomo wangu ukafunguka. Ulipaswa kufunguka dirishani, ukafunguka sokoni. Nikamsema yule dresa kila mahali. Kisimani, sokoni, kwenye ngazi za kanisa. Nikatia chumvi ile niliyosema nakwenda kununua: eti alinicheka, eti alikuwa amelewa, eti hakuniangalia hata usoni. Watu walipenda kunisikiliza, nami nikagundua napenda kusikilizwa, na hapo ndipo umbea wangu ulipozaliwa, usicheke. Kuna akina mama waliacha kwenda kwenye lile dirisha kwa sababu yangu. Walikaa na watoto wao wenye homa nyumbani. Hapo sipendi kufikiri sana. Yule kijana alijibu alichoulizwa, na mimi ndiye niliyeuliza vibaya.

Halafu ukaja wewe.

Wewe ulikuwa mpole toka mwanzo. Teke lako halikuwa teke, lilikuwa kama mtu anayegeuka kitandani. Kwa hiyo nilikusikiliza kwa makini kuliko yule, nikajua saa zako, ukiamka, ukilala, ukinikasirikia nikila pilipili. Na siku moja, asubuhi, nilikuwa natwanga, nikasimama na mchi juu. Nikasema, Aikaeli (sikuwa nimekupa jina bado, lakini ndivyo ninavyokumbuka), Aikaeli, uko wapi?

Nilikunywa maziwa ya moto. Nikalala ubavu. Nikakusukuma kidogo na kidole. Kimya. Bibi yako akaingia, akaniona nimelala mchana, akataka kufungua mdomo kuhusu wageni wanaopumzika. Nikamwambia, "Mama, nakuheshimu. Leo usiniambie kitu." Akachukua kanga yake, akanisindikiza mwenyewe.

Tukaenda kwenye nyumba ya wazazi ya misheni, ile ya njiani hapo chini kabla ya barabara kubwa. Ilikuwa siku ya soko, watu wamejaa hata kwenye majani. Wameketi wanaume waliowaleta wake zao, mwalimu mmoja, na babu mmoja na kiko chake. Mlangoni amesimama mhudumu mwanamke, akaniuliza kwa sauti ya kawaida, "Mama, una nini?"

Mimi nikapiga kelele. Sikupanga, ilitoka. "Mtoto wangu hachezi! Mtoto wa tumboni! Humu! Humu ndani ya tumbo langu, si mwingine, hachezi!" Na nikajipiga tumbo kwa kiganja ili asije akaangalia kivulini. Soko lote likageuka. Babu alidondosha kiko. Bibi yako, mwenye haya kuliko wote niliowajua duniani, akanishika mkono akasema kwa sauti kubwa kuliko yangu, "Ni kweli! Hachezi!"

Wakatuingiza ndani kabla ya wote.

Mkunga aliitwa Mama Eliwaza. Alikuwa mnene, mikono yake ina joto. Hakunigombeza wala hakuniambia wanapumzika. Aliniuliza, "Kwa kawaida anachezaje? Saa ngapi? Leo tofauti yake nini?" Nikasema yote, alisikiliza mpaka mwisho, na hilo mimi sijafanyiwa na mtu yeyote, hata baba yako. Akachukua kile kipembe chao cha mbao, akakiweka tumboni kwangu, akaweka sikio. Akanyamaza. Akakihamisha. Akanyamaza tena. Nilikuwa naangalia boriti ya dari, kuna mjusi, nikamwambia yule mjusi moyoni, ukisogea nitakufa.

Ndipo Mama Eliwaza, sikio bado liko kwenye kipembe, akanishika mkono. Akaanza kunigonga kwa kidole hapa, juu ya kiwiko cha mkono, tuk-tuk-tuk-tuk, haraka haraka, kama kuku anayedonoa mahindi kwenye bati. Nikasema, "Unafanya nini?" Akasema, "Nyamaza. Ndiye huyu. Hivi ndivyo anavyosema."

Mwanangu, mimi nilikujua kwanza mkononi. Kabla sijakuona, kabla hujalia. Bibi yako akaomba naye agongewe. Akanyoosha mkono wake mkavu ule, akagongewa, akageukia ukutani.

Nikamwuliza mkunga, sasa nirudi lini? Akasema, "Akikutia wasiwasi." Nikasema, je, nikirudi na yuko mzima, nitakuwa nimekusumbua? Akacheka, akasema, "Mama, mimi nikisumbuliwa na mtoto mzima nalala usingizi mzuri."

Basi nilimsumbua! Kesho yake nilikuwa pale. Akakusikiliza, uko. Wiki ile nikarudi tena. Akina mama kwenye foleni wakaanza: "Huyo anakuja, Mama Hachezi!" "Leo anacheza au hachezi?" "Mpisheni, asije akatupigia kelele!" Hata yule babu wa kiko aliniuliza njiani, "Binti, amecheza?" Nikamwambia, "Amecheza babu, na amekusalimu." Nilicheka nao. Lakini nikifika kwenye majani pale chini ya ukuta, wanawake wawili watatu walikuwa wananivuta pembeni, kwa sauti ndogo: "Mama Hachezi, ulisemaje mlangoni? Mimi nami huyu wangu..." Nikawaambia nilivyosema. Wengine waliingia ndani. Kwa hiyo jina lile sikulikataa. Nilikuficha wewe tu, maana kueleza jina ilibidi nimweleze na yule wa kwanza, na yule wa kwanza nilikuwa sijapata mahali pa kumweka.

Kuna kitu kingine sijamwambia mtu, hata baba yako.

Ulikuwa umekwisha jua kukimbia, lakini siku hiyo ulikataa kutembea. Nilikuwa nimekubeba mgongoni, nimekwenda soko la Mwika kuuza ndizi. Nikasikia mtu anasema, "Mama! Wewe mama!" Nikageuka. Ni yule dresa. Alikuwa amehamishwa, anapita, ana baiskeli na mkoba nyuma. Amekonda. Nikajua amesikia niliyomsema, amekuja kunitukana mbele ya watu, na ni haki yake. Nikawa natafuta pa kuweka kikapu ili nipigane.

Akasema, "Shikamoo, mama. Samahani. Nakukumbuka, ulikuja dirishani kwangu. Yule mtoto wako aliyekuwa hachezi, siku hizi anacheza?"

Alikuwa ananiuliza kwa wema, mwanangu. Miaka imepita na watu mia wamepita kwenye lile dirisha, yeye amekumbuka.

Nikasema, "Anacheza."

Akakuona mgongoni. Uso wake ukafunguka. "Ndiye huyu?"

Nikasema, "Ndiye."

Akakugusa shavu, ukamshika kidole. Akacheka, akasema, "Nilikuambia, mama! Nilikuambia atacheza tu." Akapanda baiskeli yake, akashuka na barabara ya Himo anapiga kengele. Sijamwona tena.

Nilijiambia nimemwonea huruma. Labda. Labda pia niliogopa. Ningeweza kumwambia, kijana, hakuwa mtoto wa kutembea, alikuwa tumboni, na siku nyingine mama akija dirishani akisema hachezi, uliza hachezi wapi. Maneno machache. Yangeweza kumsaidia mwanamke mwingine huko alikokuwa anakwenda. Nikamwachia furaha, nikauza ndizi zangu, nikarudi nyumbani. Kinywa kilichomsema nchi nzima kwa uongo kilikosa kumwambia ukweli yeye mwenyewe ana kwa ana. Ndizi sikumbuki hata kama ziliisha.

Ndiyo habari ya jina.

Nilikuwa nataka niimalizie hapo. Nikunje karatasi, niifiche chini ya zile nguo za mtoto kwenye kikapu chako, uikute Korogwe. Nilikuwa nimekwisha panga na maneno ya mwisho, mazuri mazuri, ya kukuambia kwamba huko ugenini ukimwona mtoto amebadilika usione haya, mwambie Yohane, nenda kwa mkunga, piga kelele. Lakini nimeyasoma niliyoandika, mwanangu, nikaona mimi ni yule yule. Nimekaa nyuma ya magunia namwandikia barua mtu aliye hatua chache kutoka hapa. Kesho asubuhi lori, kutoka Himo mpaka Moshi, halafu treni, halafu huko, halafu ufungue kikapu, halafu ulie, halafu usome mwandiko huu. Na yeye humo ndani anangoja barua? Huyo hajui kusoma. Nazunguka tu. Nimesema mgeni, nimesema hali ya hewa ya Korogwe. Naogopa nini? Mzee mmoja na fimbo yake?

Nasikia unacheka huko nje. Unacheka kidogo. Sipendi unavyocheka kidogo.

Labda Jumapili ulitaka kusema tangu juzi ananipiga mbavu sipumui. Basi tutacheka, na baba mkwe wako atatazama pembeni, na tumbo halitaingia kwenye chakula chake likamdhuru. Labda ulitaka kusema lile jingine. Kama ni lile jingine, hakuna lori kesho. Tunashuka mimi na wewe sasa hivi kwenye ile nyumba ya njiani, na Yohane abebe taa, na kama treni itaondoka, iondoke. Treni ni ya kila siku. Mama Eliwaza amezeeka, yuko binti aliyemfundisha, kipembe ni kile kile. Atakugonga mkononi, au atasema hajui, au atasema tukimbie. Lolote atakalosema litakuwa limejibu swali letu wenyewe, si la mtu mwingine.

Na usije ukaniambia "si kitu, mama". Mimi nilikuwa hodari wa kusema si kitu. Niambie tofauti yake nini.

Baba yako ananiita. "Mama Aika! Wewe mwanamke, uko wapi, wakwe wanataka kumwombea binti kabla giza halijaingia!" Sasa anaita na baba mkwe wako. Wamesimama uani, naona kwenye ufa, wameshikana mikono duara zima, wazee, Mama Ndeanka, Yohane, wewe katikati, na nafasi yangu wameiacha wazi.

Nakuja jamani, nakuja! Kuku amepatikana!

Nitakuuliza kabla hawajafumba macho.